Kepe ya Yai Moja

Emőke Bartalis aliyasikia matangazo ya kanisa kwa sababu mtoto wake wa mwisho alikuwa amelala. Jumapili nyingine zote Csenge hutumia muda wa matangazo kutambaa chini ya viti akifungua kamba za viatu vya watu, na mama yake hutumia muda huohuo kumvuta mguu. Jumapili ile ya mwanzo wa Oktoba mtoto alilala kabla hata ya mahubiri, mdomo wazi, na Emőke akajikuta hana la kufanya ila kusikiliza.

"Kepe ya mwaka huu," Mchungaji Péterfi alisoma kwa ile sauti yake ya matangazo, inayofanana na treni inayopita mbali, "ilipwe kabla ya Jumapili ya Matengenezo ya Kanisa, mwishoni mwa mwezi huu, kwa fedha, au kwa mazao, au kwa kuni, kila mtu kadiri alivyojaliwa. Asiyelipa kepe hana sauti wala kura katika mkutano mkuu wa usharika."

Emőke alinyoosha shingo kumtafuta mumewe, Huba, upande wa wanaume. Huba naye alikuwa amelala, mdomo wazi vilevile. Mtu asingehitaji kuuliza mtoto amefanana na nani.

Kepe ni mchango wa mwaka wa kanisa. Zamani za mababu ililipwa kwa miganda ya ngano. Siku hizi pale kijijini Almásrét watu waliilipa kwa fedha au hawakuilipa kabisa, na yale maneno "kwa mazao au kwa kuni" yalibaki katika tangazo kama kifungo kwenye koti lisilofungwa tena. Kila mwaka yalisomwa. Kila mwaka hakuna aliyeyasikia.

Kilichomfanya Emőke ayasikie kilikuwa Shamba la Kengele.

Lilikuwa shamba la kanisa, kando ya mto, udongo mweusi usio na jiwe. Watu wa kale waliliacha ili mpiga kengele apate cha kula. Sasa kengele ilipigwa kwa umeme, na umeme hauli, kwa hiyo shamba lilikodishwa kwa Dezső Kelemen, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, mtu mwenye matrekta. Dezső alipanda kitu kimoja tu, ule mmea wa maua ya njano unaokamuliwa mafuta ya injini. Kila kiangazi malori yaliubeba wote, na kijiji kikabaki na picha ya maua kwenye simu. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwaka huu. Dezső aliutaka tena, na mkutano mkuu ndio ungeamua.

Emőke alilitaka shamba hilo kwa ajili ya sufuria. Kila Jumanne na Ijumaa akina mama wa kanisa walipika kwenye ukumbi chakula cha mchana cha watoto wa Mtaa wa Juu na cha wazee ambao watoto wao walikuwa Ujerumani wakichuma matunda ya watu. Kila kiazi kilichoingia kwenye sufuria ile kilikuwa kimeombwa nyumba kwa nyumba. Sasa akina mama walikuwa wamechoka. Walishamwambia wazi kwamba hawabishi tena milango, na kwamba bila shamba sufuria itazimwa kabla ya Krismasi. Emőke alikuwa mwalimu wa chekechea mwenye diploma, watoto watatu na subira ndogo. Alikuwa akimjua mtoto aliyekula na ambaye hakula kabla hata hajavua koti. Hakutaka kuijua Almásrét isiyo na sufuria ile.

Tatizo lilikuwa kura. Waliolipa kepe kwa fedha wengi wao walikuwa madereva wa Dezső, au binamu wa Dezső, au wake wa binamu wa Dezső. Watu wa Mtaa wa Juu, familia za Waroma, jamii iliyobaguliwa tangu zamani, walibatizwa, wakafunga ndoa na kuzikwa katika kanisa lilelile lenye jogoo wa bati juu ya mnara, lakini walikaa viti vya nyuma na kura hawakuwahi kupiga. Fedha za kepe hawakuwa nazo.

Mayai walikuwa nayo.

Ibada ilipoisha Emőke alimkamata mchungaji mlangoni alipokuwa akishikana mikono na watu.

"Mchungaji, ulichosoma ni kweli?"

"Nimesoma nini?"

"Kepe. Kwamba mtu anaweza kulipa kwa mazao."

"Nimesoma hivyo?"

Mama mchungaji, Ildikó, mwanamke mwembamba aliyeiendesha nyumba na nusu ya usharika, alidakia. "Anasoma hivyo kila mwaka tangu tuhamie hapa. Hayasikilizi matangazo yake mwenyewe. Mimi ndiye ninayeyapiga chapa."

"Basi ni kweli," alisema mchungaji kwa unyonge.

"Na kipimo ni kipi?"

"Kipimo... kadiri mtu alivyojaliwa."

Hapo Dezső Kelemen alifika, tumbo likimtangulia, akambana Csenge shavu. Yeye ndiye aliyemsimamia mtoto huyo kwenye ubatizo na alimpenda kwa dhati. Ubaya wa Dezső ulikuwa huo: mtu hakuweza kumchukia vizuri.

"Kuna nini hapa? Mnamwonea mchungaji?"

"Tunauliza bei ya kura, Mjomba Dezső," Emőke alisema. "Mtu akileta kabichi amelipa kepe?"

"Amelipa."

"Akileta yai?"

Dezső alicheka mpaka watu wakageuka. "Binti, hata yai moja! Atakayeleta yai moja lenye ganda zima, risiti nitamwandikia kwa mkono wangu mwenyewe."

"Watu wamekusikia."

"Wasikie! Mimi nikisema kitu mlangoni pa kanisa, nimesema."

Akaenda zake nyumbani kunywa supu ya kuku ya Jumapili, akiamini kwamba mwalimu wa chekechea amemtania.

*

Mtaa wa Juu ulikuwa juu kwelikweli, na Emőke alifika akihema. Rozália Kalányos alikuwa uani akipika jamu ya plamu kwenye chungu kikubwa cha shaba, kazi ya kutwa nzima. Huyu ndiye aliyeuza uyoga na matunda ya porini kando ya barabara kuu, na sauti yake ilisimamisha magari kabla madereva hawajauona uyoga. Akimwambia mtu "njoo," mtu alikwenda. Mtaa mzima ulifanya alichofanya.

"Shika huu ukoroge," Rozália alisema, akampa mwiko mrefu kama jembe. "Ukisimama bure unaniziba jua."

Emőke alikoroga.

"Leo umekuja bila sufuria," Rozália aliendelea. "Mtu wa kanisa akija huku bila sufuria, ana shida yake mwenyewe."

"Ninayo, Shangazi Rozália. Nataka kura yako."

"Afadhali wewe umesema. Dezső akitaka kitu huanza kuniulizia afya ya kuku."

Emőke alimweleza yote: shamba, mkataba, kepe, yai. Alieleza haraka kama anavyoeleza kila kitu. Akina mama wa kanisa wangepanga zamu, kamati ingenunua mbegu, viazi vingekaa huku na kabichi kule, na kila Jumanne na Ijumaa watu wa Mtaa wa Juu wangepata...

"Nani atalima?" Rozália alimkatiza.

"Sisi. Kamati."

"Na mimi?"

"Wewe na wajukuu mtapata chakula kila..."

"Koroga, inaungua." Rozália aliweka kuni moja kwenye moto, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Sikiliza, mwalimu. Nimeila supu yako miaka. Ni nzuri, chumvi tu unaionea huruma. Lakini kila nikiinua kijiko naona mtu ananiangalia kama nimesema asante. Dezső analeta unga Krismasi na mpiga picha wake, sote tunapangwa getini kama darasa la kwanza. Wewe picha hupigi, ni kweli. Lakini kuangalia unaangalia."

"Mimi siangalii!"

"Unaangalia. Hata sasa hivi umeangalia kama nimeudhika."

Emőke aliangalia jamu. Povu lilipasuka na tone moja likamruka kifundoni mwa mkono, moto kama pasi. Alitaka kubisha. Alikuwa ameshapanga kila kitu kichwani, mpaka rangi ya vitambaa vya zamu, na ndani ya mpango wote ule Rozália Kalányos alikuwa amekaa mezani na bakuli.

"Unataka nini?" aliuliza hatimaye.

"Nataka mistari yangu shambani. Nipande mimi, nivune mimi, nile mimi. Nitakaloleta kwenye sufuria yenu, nilete mimi. Na siku hiyo wewe ndiye uniambie asante, mimi nikiangalia."

Emőke hakuwa mtu wa kukubali kosa upesi. Hata kwa mumewe humchukua wiki nzima. Lakini mkono ulikuwa unauma na jamu haikuruhusu mtu asimame kununa.

"Mistari mirefu au mifupi?"

"Mirefu."

"Haya."

"Basi tutakuja. Wote." Rozália alisimama, akachungulia chunguni. "Kepe ni yai moja, umesema?"

"Dezső ndiye aliyesema."

"Yai ni dharau. Mimi nitaleta jamu."

*

Risiti za kepe ziliandikwa Jumamosi asubuhi, nyumbani kwa mchungaji. Kwa kawaida Dezső alimaliza kazi hiyo kabla kahawa yake haijapoa. Jumamosi iliyofuata alifungua mlango akakuta foleni inateremka kutoka Mtaa wa Juu mpaka getini. Wa kwanza alikuwa Rozália na chupa ya jamu nzito kama tofali.

"Andika, Dezső. Kalányos. Ukikosea herufi nitakukumbusha mwalimu alivyokuwa anakukumbusha." Walikuwa wamesoma darasa moja.

Dezső alicheka na kuandika. Wa pili alileta yai, akacheka tena. Alipofika kwa mtu wa kumi kicheko kilikuwa kimekwisha na mkono umeanza kumuuma, lakini alikuwa ameyasema mlangoni pa kanisa, na Dezső hakuwa mtu wa kurudisha neno mdomoni. Aliandika.

Kosa la Emőke lilikuwa kutofikiria kipimo. Habari zilishuka mtaani na wale waliokuwa wameacha kulipa kepe miaka mingi kwa sababu pensheni haikutosha walikuja nao. Maboga yalikuja kwenye kigari cha mtoto. Zilikuja kuni, mashada ya vitunguu, matufaha kwenye beseni la kufulia. Mjane mmoja alileta tunda moja tu la kwinsi lililofungwa kwenye leso safi, akalikabidhi kama pete. Familia moja ilileta bata bukini hai. Mzee mmoja alileta chupa.

"Mzee wangu, pombe kali si mazao," Mchungaji Péterfi alimwambia.

"Ni plamu, Mchungaji. Zimekaa tu."

Dezső aliandika: *plamu, zilizokaa*.

Emőke alikuwa hapa na pale. Alipanda mlimani kuwahimiza waliochelewa, akashuka kusukuma maboga, akabishana na mtu aliyetaka alipie familia nzima kwa jogoo mmoja. "Tangazo linasema kila mtu. Na kabla ya Jumapili ya Matengenezo, si siku yenyewe. Sheria ni sheria, mmesomewa wenyewe."

Jumatano mama mchungaji alimpigia simu. "Emőke, viazi viko mpaka ngazi ya juu. Mume wangu anaandika mahubiri miguu ikiwa juu ya kabichi. Yai nimelikuta ndani ya kiatu."

"Tutatafuta mahali, mama mchungaji."

"Na bata yuko bafuni. Péterfi hajaoga tangu Jumapili. Bata anamng'ata."

"Mpikeni."

"Amempa jina."

Jumamosi ya pili ikawa zamu ya Dezső kuonyesha ujanja. Madereva wake walikuja na wake zao, na binamu waliokuwa hawajalipa, na mama wa binamu mmoja ambaye watu walidhani ameshakufa. Kila mmoja alibeba gunia la nafaka.

"Mjomba Dezső," Emőke alisema, "mbona magunia yote yana jina lako?"

"Kila mtu kadiri alivyojaliwa, binti. Hawa wamejaliwa kuwa na mimi."

Magunia yaliingia ndani pamoja na maboga, na sufuria ya Jumanne ikapikwa bila mtu kubisha mlango hata mmoja. Emőke alitia maharage, vitunguu na chumvi ya kutosha. Akajizuia kuangalia watu wakila. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kukoroga jamu.

*

Jumapili ya Matengenezo mkutano ulifanyika ndani ya kanisa, maana ukumbi usingetosha. Jiko la kuni lilinguruma. Viti vya nyuma vilijaa, na kila mtu wa viti vya nyuma alishika risiti yake kama tiketi ya treni.

Dezső alifungua mkutano kwa sala fupi, akasema habari ya mkataba, akauliza nani ana neno. Emőke alisimama. Alikuwa na hotuba. Alikuwa ameifanyia mazoezi jikoni mpaka watoto wakaijua kwa moyo.

"Naomba kusema."

"Binti," alisema Dezső, na uso wake ulikuwa na huruma na furaha kwa pamoja, "kabla hujasema. Wewe sikumbuki kukuandikia risiti."

Emőke alimtazama Huba ng'ambo ya njia. Huba alimtazama Emőke.

"Si ulilipa?" Emőke alimuuliza.

"Si wewe uliyekuwa unakwenda huko kila siku?"

"Mimi nilikuwa nashughulika na kepe!"

"Ndiyo maana nikajua umelipa!"

Kanisa zima lilipasuka kwa kicheko, na viti vya nyuma ndivyo vilivyocheka zaidi. Emőke alifungua mkoba. "Ninazo hapa, nalipa sasa hivi."

"*Kabla* ya Jumapili ya Matengenezo," alisema yule mtu wa jogoo mmoja, kwa sauti tamu. "Sheria ni sheria. Tumesomewa wenyewe."

Emőke akakaa. Masikio yalimwaka moto. Kura mbili zilikuwa zimepotea, yake na ya Huba, hotuba imepotea, na mbele yake aliiona sufuria imening'inizwa ukutani, kavu. Csenge alitambaa chini ya kiti akaanza kumfungua kamba za viatu, naye akamwacha afungue.

Ndipo Rozália Kalányos aliposimama. Tangu kanisa lile lijengwe hakuna mtu wa viti vya nyuma aliyewahi kusimama akasema bila kuulizwa, lakini yeye hakuonekana kujali, au alijali na hakutaka wajue.

"Mimi mnanijua, mnaninunulia uyoga. Nusu ya shamba tunaitaka sisi tutakaolilima. Mtaa wa Juu, na mwingine yeyote mwenye mgongo. Kodi tutalipa kama anavyolipa Dezső, ila sisi kwa viazi. Sehemu itakwenda kwenye sufuria, iliyobaki itakwenda nyumbani kwa aliyelima. Hatuombi msaada. Tunakodi. Nimemaliza."

"Na mkishindwa?" Dezső aliuliza. "Magugu yakila shamba la kanisa?"

"Magugu angalau mbuzi hula. Yale maua yako, mbuzi wangu aliyatapika."

"Mbuzi wako alikuwa anafanya nini shambani kwangu?"

"Alikuja kuonja. Hajarudi tena."

Walipiga kura kwa kusimama. Wazee wa kanisa walihesabu upande mmoja, wakahesabu wa pili, wakarudia kwa sababu mtu alikuwa amesimama kunyoosha goti tu. Kura zililingana. Emőke alifumba macho. Yeye na Huba wangetosha. Hata Huba peke yake angetosha, na Huba hafai hata kutumwa maziwa.

"Kura zikilingana," Dezső alisema polepole, "mwenyekiti ndiye anayeamua." Akajishika sharubu. "Sasa, mimi..."

"Dezső," Rozália alisema kutoka nyuma. "Yako uliandika?"

"Nini yangu?"

"Risiti. Wewe kepe umelipa?"

Dezső alifungua mdomo. Hakuna aliyejua ila yeye. Alikuwa ameketi Jumamosi zote akiwaandikia wengine, na yake kila mwaka hulipa Krismasi pamoja na ule unga, wala hakuna mzee wa kanisa aliyewahi kumdai. Kitabu cha risiti kilikuwa mfukoni mwake. Emőke aliuona mkono wake ukienda kwenye mfuko ule, ukakaa hapo. Angesema "nimelipa" yangekwisha. Kuni zilipasuka ndani ya jiko.

"Bado," alisema Dezső Kelemen. Akautoa mkono mfukoni. "Mungu wangu wee. Bado."

Na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka.

Ikabaki kwa mchungaji. Péterfi alikuwa mtu mwema ambaye hajawahi kuamua chochote. Hata rangi ya mlango wa kanisa ilichaguliwa na mkewe. Aliitazama dari. Akamtazama mama mchungaji, ambaye kwa mara ya kwanza katika ndoa yao hakumsaidia.

"Mimi," alianza, "sijaoga vizuri mwezi huu."

Watu walingoja.

"Nyumba yangu imejaa chakula mpaka nashindwa kupita. Na kila Krismasi nimesimama getini nikihubiri kwamba Mtaa wa Juu hawana kitu." Alikohoa. "Hatukuwahi kuwaomba kitu, ndiyo sababu. Nusu. Upande wa mto. Miaka mitatu, halafu tutazame."

"Amina," alisema mama mchungaji, kabla mtu mwingine hajapata neno.

Nje, getini, Dezső alimngoja Emőke akiwa amevaa kofia yake.

"Ungelipa kepe yako ungenishinda bila kunivua nguo kanisani."

"Ningelipa, ningehutubia mimi," alisema Emőke. Alifikiri kidogo, na safari hii haikumchukua wiki. "Na tungeshindwa."

"Hilo kweli. Wewe unaongea sana." Alimnyanyua Csenge juu, akamshusha. "Haya niambie, nani atawalimia? Ardhi ile ni nzito, jembe la mkono litarudi limepinda."

"Kepe yako bado hujalipa, Mjomba Dezső."

"Kwa fedha, mazao au kuni. Kulima hakumo."

"Mama mchungaji ndiye anayepiga chapa matangazo. Ataongeza."

Dezső aliondoka akitikisa kichwa, mabega yakimchezacheza, na haikuwa rahisi kujua kwa nyuma kama anacheka au anatukana. Krismasi unga alileta kama kawaida. Mpiga picha hakuja. Ilisemekana ana mafua.

Sufuria haikuzimwa. Ilikula kepe majira yote ya baridi, maboga, maharage, magunia ya madereva na kila kitu isipokuwa bata, ambaye sasa alikuwa na kibanda chake uani kwa mchungaji na alimng'ata kila aliyekuja kuomba cheti cha ubatizo. Theluji ilipoyeyuka, trekta la Dezső lililima nusu ya kando ya mto kwa asubuhi moja. Watu walipanda. Emőke alipewa mistari karibu na mistari ya Rozália.

"Mistari yako imepinda, mwalimu."

"Viazi havijali mstari."

"Mimi najali. Rudia."

Alirudia.

Ijumaa moja ya Julai Emőke alikuwa ukumbini, amefunga aproni, akimenya vitunguu, wakati Rozália alipoingia bila kubisha hodi. Alibeba ndoo ya viazi vipya, udongo mweusi bado umevishika. Aliiweka mezani kwa kishindo. Kisha akasimama pale pale, mikono kiunoni, anaangalia.

Emőke aliendelea kumenya kwa muda kidogo kabla hajakumbuka. Akaweka kisu chini, akafuta machozi ya vitunguu kwa kiwiko.

"Asante, Shangazi Rozália."

"Haya," alisema Rozália, akavuta kiti. "Sasa nipe hiyo chumvi, nitie mwenyewe."